Kimashine cha Kuchomelea

Mtu akistaafu, mikono yake hutafuta kazi. Wengine hurudi shamba, wengine hufuga kuku wa mayai, na wengine hukaa barazani wakicheza bao na kuisema serikali. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Kwa miaka mingi niliandika vyuma vinavyoingia na vinavyotoka pasipo kuvigusa, na nilipopata kiwanja changu huku Mbagala hamu ya siku nyingi ikanirudia, kwamba nami nishike chuma. Sikutaka biashara. Nilitaka rafu ya stoo, mlango wa banda la kuku, kigari cha kubebea ndoo za maji na, Mungu akipenda, kitanda cha mjukuu.

Siku hizi hamu ya namna hiyo imepata kishawishi. Ukipita Kariakoo kwenye maduka ya vifaa utaviona vimepangwa kama redio: vimashine vidogo vya kuchomelea, vyekundu, vya manjano na vya bluu, kila kimoja na mkanda wake wa kuning'iniza begani. Uzito wa kimoja ni kilo nne au tano. Bei yake ni ile ambayo mstaafu anaweza kuimudu bila kuitisha kikao cha familia. Muuzaji hukinyanyua kwa vidole viwili na kukuambia, "Mzee wangu, hii inachomelea mpaka geti la kiwanda." Ninalotaka kulipima hapa ni kama maneno hayo yana ukweli, na kama yanao, ni kwa nani.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Mashine ya kuchomelea tuliyoizoea ni lile sanduku zito la chuma lisilo na mapambo, ambalo watu wawili hulipandisha kwenye mkokoteni wakihema. Ndani yake mna transfoma, yaani mabamba ya chuma yaliyobanwa pamoja na kuzungushiwa waya mnene wa kopa. Nyingi zilisukwa hapa hapa na mafundi wetu, na hadi leo wapo wanaozisuka. Ikiungua, waya unafumuliwa, unasukwa mwingine, na kazi inaendelea. Chombo hicho hakina siri.

Hiki kipya ni kiumbe kingine, nacho huitwa inveta. Umeme unaofika nyumbani kwetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Inveta huupokea, huunyoosha, kisha huukatakata kwa transista mara makumi ya maelfu kwa sekunde. Sasa, kadiri umeme unavyopiga haraka ndivyo transfoma inavyoweza kuwa ndogo, na ndiyo maana ile iliyohitaji mkokoteni sasa inaenea kiganjani. Si uchawi, wala si ujanja wa kupunguza vitu ndani. Nalisema hili kwa sababu wazee wenzangu wengi hupima thamani ya chombo kwa kukinyanyua, na kikiwa chepesi hukirudisha mezani kwa dharau.

Dharau ya pili ni lile neno "ya Kichina", kana kwamba limemaliza mjadala. Sisi wakazi wa Temeke hatuna haki ya kusema hivyo ovyo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa Wachina hao hao kati ya mwaka 1970 na 1975, na stesheni yake iko wilayani kwetu. Hakuna aliyeitazama akasema ni chuma cha kuchezea. Uchina hutengeneza cha kudumu na hutengeneza cha kuvunjika, kulingana na alichoagiza mfanyabiashara na alicholipa. Kwa hiyo nchi kilikotoka haikuambii lolote. Kitakachokuambia ni kile kibandiko kilichoko mgongoni.

Hapo nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mnunuzi anapoibiwa. Mbele ya kimashine pameandikwa kwa tarakimu kubwa 200, 250, hata 300, na muuzaji atakuambia hizo ni ampea. Chukua kalamu. Kuchomelea kwa ampea 300 kunahitaji kama volti 32 katika ule mwako ulio kati ya ncha ya kijiti na chuma. Zidisha, utapata wati 9,600. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Ili upate wati hizo, hata tukichukulia kwamba hakuna kinachopotea njiani, lazima uvute ampea 42 kutoka ukutani. Plagi ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13. Basi, msomaji, hizo nyingine zitatoka wapi?

Sasa tupige hesabu kwa upande wa pili. Ampea 13 kwa volti 230 ni wati 3,000 hivi. Toa zinazopotea kwa joto, zinabaki kama 2,400. Kwa ampea 100 mwako unataka volti 24, nazo zikizidishwa ni 2,400 kamili. Kwa plagi ya ukutani, basi, ukomo wako ni ampea 100, na kwa kuwa vimashine vya bei nafuu aghalabu havivuti umeme kwa ulaini, 80 ndizo za uhakika. Hicho ndicho unachonunua, hata kama mbele pameandikwa 300 kwa rangi ya dhahabu.

Dukani nilimwomba kijana akigeuze kimashine. Alishangaa. Mbele kilisema 250; mgongoni, kwa herufi za kusomwa kwa miwani, kilisema ampea 120 kwa asilimia 20. Asilimia hiyo maana yake ni kwamba katika kila dakika 10 kinaweza kuchomelea dakika 2 kwa nguvu yake yote, na dakika 8 zilizobaki kipoe. Ukipunguza ampea, muda wa kazi unaongezeka upesi: kwa ampea 80, kimashine hicho hicho kinafikia karibu asilimia 45.

"Mzee, hayo maandishi ya nyuma hakuna mtu anayasoma," kijana akaniambia.

"Mwanangu," nikamjibu, "mimi nilikuwa karani."

Kisha nikakwangua ncha ya waya kwa kisu. Nje ulikuwa mwekundu wa kopa, ndani mweupe: alumini iliyopakwa. Waya wa namna hiyo hupata moto kuliko wa kopa tupu wenye unene ule ule. Nikapunguziwa bei, nikanunua waya wa kopa duka la jirani. Huo ndio ushauri wangu wa dukani, na hauzidi hapo: soma mgongoni, kwangua waya.

Nyumbani kuna hesabu nyingine, nayo ni ya umeme wenyewe. Anayeishi katikati ya mji huenda asinielewe, lakini wa Mbagala, wa Yombo, wa Bunju na wa Tegeta tunajua maana ya "umeme mdogo". Nilinunua kipimo cha bei rahisi nikapima kwa wiki nzima. Saa sita mchana nilipata volti 230 au karibu yake. Saa moja jioni, watu wakiwa wamewasha pasi, majiko na feni, zilishuka hadi 190. Inveta haiachi kufanya kazi kwa volti hizo; inachofanya ni kuvuta ampea nyingi zaidi ili ipate wati zile zile, na waya wa ukutani ndio unaolipia kwa joto. Nilimwita fundi umeme akanivutia waya wake peke yake kutoka kwenye meini swichi, wa milimita 4, na breka ya ampea 20, na akahakikisha waya wa ardhini umezikwa kweli, si kufungwa kwenye nondo ya uzio kama nilivyoona kwingine. Gharama hiyo muuzaji haitaji. Asiyekuwa nayo asihesabu kwamba amekwisha nunua mashine.

Watu wengi huogopa LUKU. Hofu hiyo ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Kijiti cha milimita 2.5 huisha kwa dakika moja hivi. Kilowati 3 kwa dakika moja ni sehemu moja ya ishirini ya yuniti, kwa hiyo yuniti moja inachoma vijiti 20. Mtu wa kujifurahisha hamalizi vijiti 20 kwa Jumamosi moja. Labda yule mteja mdogo ambaye, kwa utaratibu wa bei wa mwaka 2016, aliuziwa yuniti kwa shilingi 100 mradi asivuke 75 kwa mwezi, ndiye wa kuangalia asije akavuka mstari. Na hata huyo, pasi na friji vitamvusha kabla ya kimashine.

Na majirani? Transfoma ikianza kazi mtaani, taa za nyumba tatu hukonyeza, na watoto wanaotazama televisheni huja kulalamika. Inveta ina adabu zaidi katika hilo. Hata hivyo mimi huchomelea mchana tu.

Sasa kazi yenyewe. Skwea paipu nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni nyembamba, milimita moja au moja na nusu. Ukizigusa kwa mashine nzito na kijiti kinene, zinatoboka kama karatasi juu ya mshumaa. Hapa ndipo kimashine kinaposhangaza. Umeme wake umenyooka, unashuka hadi ampea 40 au 50 bila kutapatapa, na kwa kijiti cha milimita 2 unaweza kuunganisha paipu hizo ukiwa mwanafunzi. Kanuni niliyofundishwa ni ampea 30 hadi 40 kwa kila milimita ya unene wa kijiti. Vijiti vyenyewe ni vile vya kawaida vilivyoandikwa 6013, nami huvihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, maana unyevu wa pwani huharibu lile ganda lake.

Suala la kupumzisha mashine, ambalo kwa fundi wa barabarani ni balaa, kwangu halikuonekana kabisa. Fundi huunganisha kijiti baada ya kijiti tangu asubuhi, ana mageti matatu ya kukabidhi. Mimi nachomelea nusu dakika, navua kofia, nagonga ganda kwa nyundo, natazama, napima tena kwa sababu siamini kipimo cha kwanza, naitwa chai. Kimashine kinapumzika kuliko mimi. Kwa maneno mengine, udhaifu wake mkubwa unafichwa na uzito wa mwenye nacho. Kijana mwenye karakana pale njia panda alikuja kukitazama, akakizungusha, akacheka kwa heshima.

"Shikamoo mzee. Hiki kwangu kingekufa Jumatano."

"Marahaba. Kwangu je?"

"Kwako kitakuzika," akasema, kisha akaona haya kwa alichosema. "Nina maana kitadumu, mzee. Ila ukianza kuuza mageti nitakuja kukushtaki kwa mjumbe."

Nilimwahidi sitauza. Kijana yule alijifunza kwa miaka katika karakana ya mtu kabla ya kupata yake, na mkate wake ni vikazi vidogo vya mtaani: bawaba ya mlango, mguu wa kiti, kikanyagio cha baiskeli. Kila mzee akijinunulia kimashine, sijui vikazi hivyo vitakwenda wapi. Ni yeye pia aliyenionyesha jinsi ya kushika kijiti, na nilimlipa kwa kila asubuhi aliyonifundisha. Mwenye nafasi zaidi aende VETA Chang'ombe, wana kozi za muda mfupi.

Kuna mambo mawili ambayo watu hawayahesabu kwenye bei. La kwanza ni macho. Mtaani utawaona vijana wanachomelea kwa miwani ya jua, au kwa kufumba jicho moja. Mwanga ule una mionzi isiyoonekana inayounguza uso wa jicho kama jua linavyounguza ngozi, na maumivu hayaji papo hapo; huja usiku, baada ya saa sita au zaidi, kama mtu aliyemwagiwa mchanga machoni. Kinachotakiwa ni kofia ya uso mzima yenye kioo cheusi namba 10. Na kwa kuwa nyumba zetu zimebanana, si macho yako peke yako. Watoto huvutwa na cheche. Nimesimamisha mabati mawili kuzunguka sehemu yangu ya kazi, na sianzi kabla ya kuchungulia nyuma yake.

La pili ni moshi. Mabomba ya maji ya zamani, ambayo kila mtu anayo uani na kila mtu hutaka kuyageuza kitu, yamepakwa zinki. Ukiyachomelea, zinki hutoka kama moshi mweupe, na anayeuvuta hupatwa usiku na homa, baridi, kutetemeka na maumivu ya viungo. Katika mji huu, mtu akitetemeka usiku, husema ni malaria. Anameza dawa, keshokutwa amepona, anasifu dawa, na Jumamosi anarudi kwenye bomba. Aondoe zinki kwa kukwangua kabla ya kuchomelea, akae penye upepo, na akiwa na homa bado akapime damu, kwani malaria nayo ipo. Hata moshi wa chuma kitupu si wa kudharauliwa: mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliutia moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike. Baada ya rafu, mlango wa banda na kigari, sifa zilienea kuliko ustadi. Jirani yangu, mtu tunayeheshimiana na tuliyezikana nao wazee wetu, alikuja na ombi. Amenunua tangi la plastiki la lita 2,000 na anataka mnara wa kuliweka juu, mita tatu hivi, nyuma ya nyumba, kando ya kichochoro wanachopita watoto wa mtaa mzima kwenda shule.

"Chuma nitanunua, vijiti nitanunua," akasema. "Mashine unayo. Fundi ananitajia bei ya kunikomoa."

Nikamwambia sitafanya.

"Mzee wangu, jirani unanibania?"

Ilikuwa rahisi kusingizia mashine, na yeye angekubali. Lakini isingekuwa kweli. Kwa ampea 110 na kijiti cha milimita 3.2, dakika mbili kazi, dakika nane mapumziko, kimashine kingeumaliza mnara ule katika wiki moja. Lita 2,000 za maji ni tani mbili. Chuma cha kubeba tani mbili kinaweza kuunganishwa na inveta ya bei nafuu, na kuna mafundi wanaofanya hivyo. Kisichojulikana ni mkono wangu. Mshono unaweza kung'aa juu, umelala vizuri kama nywele zilizosukwa, na chini yake vyuma viwili havikuyeyukiana. Huwezi kuona mpaka uukate. Nilikuwa nimekata vipande 10 vya majaribio kwa msumeno, nikavipaka siki ili mpaka uonekane. Katika 7 chuma kilikuwa kimeshikana moja kwa moja. Katika 3 palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele. Kwa rafu ya stoo, saba kwa kumi ni sifa. Juu ya kichochoro cha watoto ni kitu kingine.

Nikamletea vile vipande vitatu, nikamwonyesha ule mstari. Alivitazama kwa heshima, lakini nadhani aliona ni kisingizio cha mzee mwenye uchoyo na mashine yake. Tulisalimiana kwa ubaridi kwa wiki kadhaa. Mke wangu aliniambia ningeweza angalau kumsaidia kukata vyuma, na hapo alikuwa na hoja. Nilikwenda nikakata, nikapaka rangi, na kuchomelea akachomelea kijana wa njia panda kwa lile sanduku lake zito, kwa bei tuliyomshusha wote wawili. Mnara umesimama. Mabomba ya DAWASA yakikauka, jirani hunijazia ndoo mbili, nazo nazileta kwa kigari changu.

Kwa hiyo akija mtu kuniuliza kama anunue, nami huulizwa karibu kila mwezi, simwulizi ana fedha kiasi gani. Namwuliza anataka kutengeneza nini, na kikivunjika kitamwangukia nani. Akisema viti, stendi ya maua, tuta la kupandia mchicha lenye fremu ya chuma, namwambia anunue na asiogope. Akisema ngazi, kishikio cha tela au paa, namwelekeza njia panda.

Limebaki la maradhi ya mashine yenyewe. Transfoma hufa kwa kuungua. Inveta huuawa na vumbi na wadudu. Feni yake huvuta chochote kilicho hewani, na vumbi la grenda ni chuma, likitua kwenye bodi huunganisha visivyopaswa kuungana. Mimi hukata upande mmoja wa ua na kuchomelea upande mwingine. Fundi redio mmoja wa Tandika anayefungua bodi hizi aliniambia kwamba wateja wake wengi hawaletwi na ampea. Alinionyesha kwenye kopo mijusi kafiri minne iliyokauka, kila mmoja ameingia kwenye matundu ya hewa kutafuta joto na kufa pamoja na mashine. Tangu siku hiyo kimashine changu hulala ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa kamba mdomoni, juu ya kabati la nguo, na mke wangu ameshazoea.